Wasomaji Wanauliza: Hema, Mshipi na Maji ya Bamvua

Barua nyingi safari hii zimetoka bara, na karibu zote ni za watu wanaotaka kupeleka familia pwani, walale kwenye hema na wavue samaki wao wenyewe.

Tuko sita, watoto wanne wa miaka 5 hadi 14. Tunataka kulala Ushongo, Pangani, usiku mbili likizo ya Juni. Tuanze kupanga na nini?
*Baba wa familia, Korogwe*

Anza na mwezi, ndugu yetu, hata kabla ya nauli. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji huwa ya bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo bahari hujaa saa 10 alfajiri hivi na saa 10 jioni, ikapwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maana yake asubuhi yote, wakati watoto wana nguvu, maji yako mbali, na yanarudi kwa kishindo mkiwa usingizini. Familia ngapi zimeamka magodoro yakiwa yameloa kwa sababu hiyo!

Kwa watoto tunapendelea maji mafu, siku ya 8 hadi ya 10 au ya 22 hadi ya 24 tangu mwezi kuandama. Tofauti ya maji hushuka hadi karibu mita 1, mkondo hauna nguvu, na bahari hujaa kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana. Mnavua mchana kweupe, saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada yake. Kila siku kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana msiirudie leo. Mkikosa jedwali la maji la bandari ya Tanga, mulizeni mvuvi yeyote pale.

Juni ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Upepo unavuma mchana kutwa na nje ya mwamba bahari imechafuka, hivyo vueni kutoka ufukweni. Safari ya ngalawa na watoto isubiri. Likizo ya Desemba, kaskazi inapoanza, bahari ni tulivu zaidi, ila joto ni kali na mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha. Kabla ya kutupa mshipi piteni kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi) au ofisi ya uvuvi ya wilaya, muulize kuhusu kibali na sehemu zilizokatazwa.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa watu sita na siku mbili na nusu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Ongezeni dumu la nne la kusuuza chumvi mwilini, maana mtoto aliyelala na chumvi hatamwacha mtu alale.

Vigingi vya hema vinang'oka kila upepo ukija. Nifanyeje?
*Mama wawili, Morogoro*

Kigingi kifupi cha chuma hakishiki mchanga mkavu, hata ukigongelee vipi. Chukua viroba vidogo, kimoja kwa kila kamba, jaza mchanga kilo 5 hivi, funga kamba ya hema shingoni, kisha chimba shimo la sentimita 40 na uvifukie. Mwagia maji, kanyaga. Kamba itoke kwa mlalo; ikisimama wima itakinyanyua kiroba. Wakati wa kusi mlango utazame kaskazini.

Ufukweni utaona mistari ya mwani na takataka. Ule wa juu kabisa ndio bamvua ilipofika. Piga hema juu yake, kwenye majani. Chini ya mnazi usilale kabisa. Mvinje una kivuli kizuri, ila tazama kwanza matawi makavu. Na jiko la mkaa lisiingie hemani, hata kwa kisingizio cha kufukuza mbu: gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Beba chandarua.

Samaki wanakula chambo na kuniacha na ndoano tupu. Zikinasa mwambani, nakata mshipi wote.
*Mvuvi mchanga, Dar es Salaam*

Ndoano yako ni kubwa mno. Changu na chaa wa ufukweni wana mdomo mdogo. Tumia yenye uwazi wa sentimita 1 hivi kati ya ncha na mti wake. Dukani, namba ikipanda ndoano hupungua. Chambo kiwe ngisi, kipande cha sentimita 1 kwa 4, ukitoboe mara mbili na kuacha ncha nje. Dagaa ni laini, maji huwavua ndoanoni.

Mshipi wa milimita 0.40, mita 50, uviringe kwenye chupa, usiuzungushe kidoleni. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, iwe ya gramu 40 na ikae mwisho, ndoano mbili juu yake kwa vitawi vifupi vya mshipi. Siri ni kuifunga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikinasa, unapoteza chubwi peke yake.

Tunaweza kulala kisiwa cha Maziwe?
*Msomaji, Tanga*

Hapana. Ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na ni eneo tengefu: kuvua ni marufuku. Nendeni mchana, mkaogelee na kurudi.

Samaki gani watoto wasiguse?
*Mama wa wanne, Muheza*

Bunju, anayejifura kama mpira, arudishwe majini. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Tasi analiwa na ni mtamu, lakini miiba yake ina sumu, kwa hiyo mtu mzima ndiye amtoe ndoanoni. Kwenye maji mafupi watoto wavae viatu na waburute miguu ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akimbie. Aliyechomwa aweke jeraha kwenye maji ya moto yanayovumilika, uliyoyapima kwa mkono mzima, kwa nusu saa au zaidi, mkielekea hospitali.

Kibua na jodari wakishinda juani huleta mwasho na kichefuchefu hata wakikaangwa vizuri. Watumbueni papo hapo na kuwaweka kwenye barafu, kilo kwa kilo. Gandisheni maji ya kunywa kwenye chupa nyumbani: yakiyeyuka, yananyweka.