Jibu: Nembo ya mistari mitupu ina ubunifu gani?

Mkuu, umeuliza mistari saba ya nembo ya MIT Press, shirika la kuchapisha vitabu la chuo kikuu cha MIT cha Marekani, inasifiwa kwa lipi. Ihesabu kutoka kushoto: mitatu ya kwanza ni m, wa nne i, wa tano uliopanda juu ni t, wa sita ulioshuka chini na wa saba ni p. Kazi safi sana! Aliyeibuni ni Muriel Cooper. Hapa Dar wabunifu tunamtaja Paul Rand, aliyebuni nembo ya IBM, kila siku, Cooper hatajwi, na inaniuma.

Tafuta pia kazi za Jacqueline Casey, mbunifu wa mabango wa MIT hiyohiyo. Bango lake la amani la 1985 limebeba neno RUSSIA, na ndani yake U, S na A zimetofautishwa. Mteja wa Kariakoo anayetaka picha kumi kwenye bango moja, mwonyeshe hilo.