Mama anasahau baada ya kupandikizwa moyo: kapime kiwango cha dawa kwanza

Dada, umeuliza kama ni kweli mama yako anasahau kwa sababu moyo alionao si wake, kama majirani wanavyosema. Si kweli. Lakini usikubali pia ukiambiwa ni uzee tu, maana baadhi ya sababu hutibika.

Kaka yangu alipandikizwa moyo Chennai, India. Kabla ya hapo damu haikuwa ikifika kichwani vya kutosha, na hata mazungumzo yalimchosha. Siku za kwanza ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, aliweweseka, akawa anaita watu waliokwisha kufa. Hilo huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa wa moyo, na kwake lilipita. Akili ikachangamka kuliko zamani.

Kilichotutisha kilikuja tukiwa tumesharudi Nairobi. Ana duka la spea Barabara ya Kirinyaga, na bei zote anazo kichwani. Ghafla akawa anamrudishia mteja chenji mara mbili, mikono inatetemeka, kichwa kinamuuma. Watu wakasema ni mawazo. Kumbe alikuwa na utando mweupe mdomoni, na duka moja la dawa likampa flukonazo, dawa ya fangasi, bila kumuuliza anatumia nini kingine. Flukonazo huzuia ini kuvunjavunja takrolimasi, ile dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo, kwa hiyo ikajaa kwenye damu. Ikizidi huchanganya akili, na inaweza kuleta hata degedege. Daktari wake alirekebisha dozi, na baada ya muda bei zikarudi kichwani.

Mpeleke mama kwa daktari wake upesi. Kama anatumia takrolimasi, omba kiwango chake kipimwe, damu itolewe asubuhi kabla hajameza dozi. Beba dawa zake zote, na mitishamba pia. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo hupandisha kiwango. Rifampisini ya TB hukishusha, na hapo moyo unaweza kukataliwa. Tafadhali msipunguze wala kuacha dawa wenyewe.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, usingoje kliniki. Hicho huenda ni kiharusi, kimbieni hospitali saa hiyo hiyo.

Kiwango kikiwa sawa, uliza kuhusu MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, na kipimo cha umeme wa ubongo. Mawimbi ya umeme huo yakienda polepole huonyesha ubongo unasumbuliwa, ila chanzo bado kitatafutwa.

Je, dawa za mama zilibadilishwa lini mara ya mwisho?