Kipimo cha kazi kinasema hivi, baba anasema vile

SWALI: Shikamoo mshauri. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na baba anataka nisome udaktari. Juzi nilijibu maswali ya kupima mwelekeo wa kazi kwenye intaneti, nikaambiwa kwamba mimi ni mtu wa kazi za mikono na uchunguzi, na kwamba kuhudumia watu kumekuja nyuma kabisa. Ni kweli kwamba cherehani ya shangazi ikiharibika huitwa mimi, na nikishaifungua husahau hata chakula. Je, niamini kipimo au nimsikilize baba?
Binti wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Majina ya makundi uliyopewa yanatokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha nadharia yake mwaka 1959, akiyagawa mapendeleo ya watu katika makundi 6: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, huduma kwa watu, biashara na uongozi, na kazi za utaratibu kama za uhasibu na utunzaji wa kumbukumbu. Kipimo cha aina hiyo hupima unachopenda. Hakipimi unachoweza, wala hakijui ada italipwa na nani. Isitoshe, mtu hujibu kwa kadiri ya yale aliyokwisha kuyaona, na binti ambaye hajawahi kuingia wodini isipokuwa kwa kuugua au kuuguza hawezi kujua kama angependa kufanya kazi humo.

Kwangu mimi, ushahidi mzito katika barua yako ni ile cherehani, kwa kuwa hilo ulilifanya bila kuulizwa swali lolote. Hebu jiulize ni kitu gani hasa kilichokushika: kugusa vyuma na kufungua skrubu, kuisaka hitilafu mpaka ukaipata, au uso wa shangazi sindano ilipoanza kwenda? Usilijibu haraka, maana kila jibu lina njia yake. Kama ni kuisaka hitilafu, basi baba hayuko mbali na ukweli kama unavyodhani, kwa sababu daktari naye huanza na dalili akarudi nyuma kutafuta chanzo, ila anachokichunguza yeye kinaumwa, kina hofu, na pengine kinalia.

Chukua daftari, na kwa wiki mbili uandike kila jioni kazi uliyoifanya kwa kutumwa na ile uliyojianzishia mwenyewe. Kisha mwulize shangazi, mwalimu wako mmoja na rafiki yako, kila mmoja peke yake, ni shida gani ikitokea angekuita wewe kwanza. Wakijibu kitu kimoja bila kuambiana, hilo lina uzito kuliko alama za kompyuta.

Ukizungumza na baba, usimwoneshe karatasi ya kipimo. Mpe daftari alisome. Wazazi wengi hutaja udaktari kwa sababu ndiyo kazi ya PCB inayojulikana mtaani, na huenda hajawahi kusikia kuhusu mafundi na wahandisi wa vifaa tiba, watu wanaotengeneza mashine za hospitali, fani ambayo hufundishwa katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Kabla hujaitaja mbele yake, soma kwa makini miongozo ya udahili, hasa sharti la Hisabati, kwa kuwa wanafunzi wa PCB husoma BAM tu, yaani hisabati ya msingi.

Mwombe pia akusaidie kupata ruhusa ya kushinda siku moja wodini na siku nyingine katika karakana ya hospitali. Na ikiwa kesho yake utajikuta unataka kurudi wodini kumjulia hali mgonjwa uliyemwona jana, liandike hilo nalo daftarini, hata kama kipimo kilisema vingine.