Kabla ya dawa, shika gole

Wiki hii karibu maswali yote ni ya matumbo ya kuku. Nimechagua matano.

Tetea wangu ana siku ya tatu hali chakula. Kifuani kumevimba kama mpira, ukibonyeza ni pagumu. Anakunya kidogo tu, majimaji ya kijani. Dukani wamenipa OTC, nimempa siku mbili, hakuna mabadiliko. (Morogoro)

Acha hiyo OTC. Ni antibaotiki, dawa ya kupambana na bakteria, na huyo kuku wako kinachomsumbua ni mzigo. Gole limeziba.

Gole ni ule mfuko ulio chini ya shingo, umeelemea kidogo kulia kwa kuku. Jioni ukilikuta limejaa, shukuru, ameshiba. Usiku chakula huteremka taratibu kwenda kwenye firigisi, na alfajiri kabla hajala unatakiwa ushike ngozi tupu. Kwa hiyo kipimo ni cha alfajiri. Likiwa bado limejaa saa hiyo, njia imefungwa. Ukipapasa utasikia kama donge la udongo wa mfinyanzi, na mara nyingi ndani yake mna majani marefu makavu au nyuzi za viroba. Hizi nyuzi za viroba ni balaa: kuku huzidonoa akidhani ni minyoo, zinajisokota humo ndani kama kamba.

Mtenge, mwondolee chakula kwa siku moja, maji yawepo. Chukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, mdondoshee maji ya uvuguvugu pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, umwache ameze mwenyewe. Ongeza mafuta ya kula nusu kijiko cha chai. Kisha kanda gole kwa vidole, polepole, kama unavyolainisha donge la unga, dakika tano hivi, mara tatu au nne kwa siku. Likianza kupungua, mpe uji mwepesi na yai la kuchemsha lililopondwa. Mahindi yasubiri.

Na tafadhali usimning'inize kichwa chini ili atapike. Mimi nilifanya hivyo miaka ile naanza kufuga, kwa tetea mweusi aliyekuwa akitaga vizuri sana. Maji yalitoka kweli, ila mengine yaliingia kwenye njia ya hewa, akakoroma mara mbili akanifia mkononi. Ukimaliza siku mbili na donge liko palepale, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Gole hupasuliwa kwa ganzi, likasafishwa na kushonwa, na wengi hupona.

Akishapona mwekee changarawe ndogo bandani. Kuku hana meno, anasagia mawe.

Wangu naye gole limejaa, lakini ni laini, linacheza kama mfuko wa maji, na mdomo unanuka kama togwa iliyopitiliza. (Tanga)

Hilo limechacha. Chakula kimekaa mno humo ndani, fangasi wakapata shamba. Hutokea sana kwa kuku waliopewa antibaotiki mfululizo, maana zile zinaua bakteria wema waliokuwa wakiwazuia fangasi. Ukimwongezea OTC hapo unawapalilia. Kinachotakiwa ni dawa ya fangasi, nistatini, kwa kipimo atakachokupa daktari. Mikate, makombo ya ugali na vitu vya sukari viondoke kwanza.

Vifaranga wa wiki nne wamejikunyata, mbawa zimeshuka, wanaharisha damu. Nimewapa amproliamu pamoja na vitamini ili wapate nguvu. (Kigamboni)

Amproliamu ni sahihi kabisa, hiyo ni koksidia, vimelea wa utumbo. Tatizo ni vitamini. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1: kimelea anaipokea akidhani amepata chakula, anakufa njaa. Sasa ukimwaga B1 ya kweli kwenye maji yaleyale umemkomboa adui. Wauza dawa wengi wanakufungia vyote viwili kwenye mfuko mmoja bila kukueleza. Maliza kwanza siku za amproliamu zilizoandikwa kwenye pakiti, vitamini zifuate.

Halafu shika maranda ya bandani, uyafinye. Yakigandamana mkononi yana unyevu, na mayai ya koksidia yanapenda hapohapo. Yakipata joto na maji, siku moja au mbili yako tayari kuambukiza. Toa yote, weka makavu, na chombo cha maji kiinue juu ya tofali wasikimwage. Bila hivyo utanunua dawa kila mwezi.

Kuku mzima, anakula, anataga, ila mara mojamoja ananya kitu cha kahawia, kinata kama uji wa ulezi, harufu yake usiseme. (Nakuru)

Mzima. Kinatoka kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, naye hujisafisha hivyo kila siku. Hata ile nyeupe juu ya kinyesi isikutie hofu, ndio mkojo wake.

Watatu wamekufa ndani ya siku mbili, kinyesi kijani, mmoja amepinda shingo. Jirani anasema nitwange shubiri na pilipili. Na je, mayai ya waliobaki tule? (Dodoma)

Kijani peke yake hakisemi mengi, kuku yeyote mwenye njaa hunya kijani cha nyongo, kama yule wa Morogoro. Ila kijani pamoja na shingo kupinda na vifo vya haraka hivyo, nauona mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Hauna tiba. Wanaopona baada ya pilipili wangepona hata kwa maji matupu. Mwite afisa mifugo leo, waliokufa wafukie kina kirefu, usiuze hata mmoja, na usiende kwa jirani na viatu hivyo. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja jichoni, ni ya kuku wazima, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne.

Mayai: kama umeshawapa dawa yoyote, soma siku za kusubiri kwenye lebo. Kuyachemsha hakuondoi dawa yote.