Shika Mguu Kwanza, Kidonda Baadaye

Wewe uliyerudi nyumbani kumuuguza mama au mzee mwenye kidonda cha mguu, na wewe VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) mpya uliyekabidhiwa daftari na kaya za kutembelea, haya nawaandikia nyinyi. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu imekuwa Arua mjini, hapa Uganda, na vijiji vya pembeni kwa miaka mingi, na wagonjwa wangu wengi ni watu wazima ambao vidonda vyao vina miezi, vingine miaka. Karibu kila nyumba ninayobisha hodi, swali la kwanza ni moja: "Sista, tupake nini?"

Swali hilo linachelewesha watu kupona. Kidonda kinacholetwa na damu kutozunguka vizuri hupona damu ikipata njia. La kupaka ni jambo dogo, na mara nyingine halihitajiki kabisa. Kwa hiyo kabla hujafungua bendeji, mwombe mgonjwa alale chali, funua miguu yote miwili mpaka magotini, uitazame kwa mwanga wa mchana. Miguu yote miwili, kwa sababu ule mzima ndio utakaokuonyesha mbovu umebadilika wapi.

Damu hushuka miguuni kwa mishipa mingine na kurudi moyoni kwa mingine. Shida inaweza kuwa kwenye kurudi au kwenye kushuka, na matibabu ya hizi mbili yanapingana. Hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapoumiza watu kwa nia njema.

Mishipa inayorudisha damu ina vali ndani yake, kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Vali zikichoka, damu hurudi chini na kukaa. Mguu huvimba jioni na kupungua asubuhi. Ngozi ya juu ya kifundo huwa nyeusi zaidi, ngumu, inawasha. Kisha siku moja mtu anajigonga kwenye kigoda au anajikuna, na pale panachimbika. Kidonda cha aina hii hupenda upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Hakiendi chini sana, kingo zake hazina umbo maalumu, na kinatoa maji mengi. Mama anayesimama kutwa nzima sokoni, aliyezaa watoto wengi, au aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni, ndiye ninayemwona mara kwa mara.

Mishipa inayoshusha damu ikiziba, picha ni nyingine. Mguu ni wa baridi, ngozi inang'aa na imekuwa nyembamba, vinyweleo vimepotea, kucha zimekuwa nene. Kidonda kiko kwenye vidole, kisigino au pembeni mwa unyayo. Ni kidogo, kina shimo lenye kingo zilizokatika sawasawa, na mara nyingi ni kikavu. Maumivu ni makali, hasa usiku. Muulize mgonjwa analalaje. Akikuambia kwamba ananing'iniza mguu chini ya kitanda ndipo apate usingizi, au kwamba analala kwenye kiti, umeshapata jibu kubwa. Uvutaji wa tumbaku, kisukari na presha ndivyo vinavyoziba mishipa hii, na huku kwetu West Nile, ambako tumbaku imelimwa miaka mingi, swali la kuvuta usiliruke hata kwa bibi mzee.

Sasa shika. Weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu mmoja kisha mwingine, ulinganishe joto. Tafuta mapigo upande wa juu wa mguu, katikati kati ya vidole na kifundo, halafu nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo. Tumia vidole viwili na usikandamize. Jizoeze kwanza kwenye mguu wako mwenyewe na wa watu wazima wenye afya nyumbani, maana mwanzoni utakosa mapigo yaliyopo. Bonyeza ncha ya kidole gumba cha mguu, achia, uhesabu: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki vizuri. Usipopata mapigo, au mguu ukiwa wa baridi, usifunge bendeji ya kubana hata kama umevimba. Kubana mguu usiopata damu kunaweza kuua vidole. Hospitalini kuna kipimo kinacholinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.8, bendeji ya kubana kwa nguvu haifungwi mpaka daktari aseme. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, vidole vyako ndivyo ulivyonavyo, na ukiwa na shaka, mpeleke mgonjwa.

Si kila kidonda cha mguu ni cha mzunguko wa damu. Kilicho chini ya unyayo, kisichouma, kwa mtu anayekojoa mara kwa mara na kuwa na kiu, ni cha kisukari mpaka kipimo kikatae. Kijana mwenye kidonda juu ya kifundo apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi; utafiti wa kitaifa uliofanywa 2014 na 2015 ulikuta watoto 13 katika kila 100 nchini wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo. Kisichouma chenye kingo zilizochimbika kwa chini, hasa kwa watu wa kando ya maji, kinaweza kuwa kile kilichopewa jina la Buruli, eneo ambalo leo ni Nakasongola. Hicho kina antibayotiki zake za wiki 8, na hakuna bendeji itakayokiponya.

Tuje kwenye kusafisha. Nusu saa kabla, kama mgonjwa anaumia, mpatie paracetamoli kwa kipimo alichoelekezwa. Epuka diklofenaki za dukani; watu hawa wengi wana presha au kisukari, na dawa hiyo huumiza figo na tumbo. Chemsha maji, yaache yapoe kwa kufunikwa, na katika kila nusu lita weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishwe juu. Nawa mikono kwa sabuni. Tandika kaveera (mfuko wa plastiki) safi ndani ya beseni, mwagia kidonda maji hayo taratibu, na ile shashi iliyogandana ilowe mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta kwa nguvu unang'oa ngozi changa iliyoota wiki nzima. Osha na mguu wenyewe, ondoa magamba, kausha katikati ya vidole, paka vaselini kwenye ngozi iliyozunguka kidonda ili maji yanayovuja yasiilainishe ikachubuka.

Kidole kilichokauka kikawa cheusi ni mwiko kukiloweka. Kiache kikavu, kifunike kwa shashi kavu, mwende hospitali.

Hospitali zetu za serikali hazitozi ada tangu 2001, isipokuwa wodi za kulipia, lakini shashi huisha, na utaambiwa ukanunue. Shuka la pamba la zamani linafaa: likate vipande, fua, chemsha dakika 20, anika juani mahali pasipo vumbi, piga pasi ya makaa pande zote mbili, hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Paka vaselini nyembamba upande unaogusa kidonda ili kitambaa kisigande. Kilichotumika kichomwe au kitupwe chooni, shimoni.

Vya kutotia: unga wa kapsuli za tetrasaiklini, spiriti, Jik (dawa ya kung'arisha nguo), majivu, mafuta ya taa, majani yaliyotafunwa. Najua ule unga unaaminiwa kuliko mimi. Kinachotokea ni kwamba unaganda juu, kidonda kinaonekana kimekauka, familia inafurahi, na chini yake usaha unachimba. Antibayotiki ya kweli humezwa, na humezwa kukiwa na dalili za maambukizi, kwa maagizo. Majani sitayadharau, mababu zetu walijua mengi, ila yakitoka shambani yanakuja na udongo, na udongo una pepopunda. Muulize mgonjwa alichanjwa lini.

Kidonda kinachotoa maji mengi fungua kila siku mwanzoni. Maji yakipungua, kila siku mbili au tatu inatosha. Kukichungulia kila saa hakukisaidii.

Bendeji ndiyo dawa ya mguu wenye shida ya kurudisha damu, ukishahakikisha mapigo yapo na muuguzi au klinika ofisa (tabibu) ameona. Funga asubuhi, mgonjwa akiwa bado kitandani, kabla mguu haujaanza kuvimba. Zungushia pamba kwenye vifundo na kwenye ugoko. Unyayo ukae wima kama mtu aliyesimama. Anzia pale vidole vinapoota, funika na kisigino, panda mpaka vidole viwili chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Uvutaji uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wengi hukaza juu na kulegeza chini, na hapo damu inazuiliwa kabisa. Vidole vibaki wazi ili uvione. Vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi, fungua mara moja bila kusubiri ruhusa ya mtu. Bendeji ya kuvutika vua usiku.

Mgonjwa huyo atembee. Msuli wa shavu la mguu ndio unaosukuma damu juu kila anapopiga hatua, kwa hiyo kumwambia mama "pumzika tu, usiamke" ni kumzuilia dawa. Asichotakiwa ni kusimama palepale au kukaa miguu chini saa nyingi. Akipumzika, miguu iwe juu kuliko moyo, nusu saa mara tatu au nne kwa siku. Kukaa kwenye mkeka na kunyoosha miguu mbele, kama akina mama wetu walivyozoea, hakutoshi; lazima alale na mguu uegemezwe juu ya magodoro au mito. Usiku, tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa chini linasaidia. Yule mwenye mishipa iliyoziba, kinyume chake, usimwinulie mguu na usimbane. Mpe soksi laini, viatu vipana, aache tumbaku leo, na apelekwe.

Chakula watu hukisahau. Matoke na posho (ugali) peke yake havijengi nyama. Ongeza maharage, mukene (dagaa), yai, njugu, na mboga za majani. Mwenye kisukari, sukari yake ikiwa juu, hata usafi wako wote utafanya kazi nusu nusu.

Nataka nikae kidogo kwenye harufu, kwa sababu ndiyo inayowamaliza wagonjwa kabla ya ugonjwa. Mzee anahamishiwa chumba cha nyuma. Hasalimiwi kwa mkono. Anaacha msikiti au kanisa, anaacha kula na wajukuu, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Ukiingia, kaa karibu naye, fungua kidonda bila kukunja uso, ongea naye habari nyingine wakati unaosha. Mwambie, familia nayo ikisikia, kwamba hiki hakiambukizi kwa kula pamoja. Harufu yenyewe hupungua kwa kuosha vizuri na kubadilisha kitambaa kabla hakijalowa mpaka nje. Ikizidi ghafla, ni maambukizi. Mwislamu anayehofia udhu aongee na sheikh wake: kupangusa juu ya bendeji kunajulikana katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na nimeona wazee wakirudi msikitini baada ya kuambiwa hilo tu.

Macho yetu hudanganywa na hamu ya kuona nafuu, kwa hiyo pima. Kila Jumatatu, weka kipande cha kaveera kinachopitisha mwanga, kilichosafishwa, juu ya kidonda, chora ukingo kwa kalamu, andika tarehe, futa upande uliogusa. Wiki nne zikipita na mchoro haujapungua hata theluthi, njia mnayotumia haifanyi kazi, nendeni mbele. Daktari na chumba cha upasuaji vimepangwa kuanzia kituo cha afya cha daraja la nne, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Kidonda cha miaka kilichoanza kuinua kingo, kuota nyama na kutoa damu ukikigusa kinahitaji kukatwa kipande kipimwe, kwa sababu kinaweza kuwa kimegeuka saratani.

Kuna siku za kutosubiri Jumatatu. Mguu uliokuwa na joto ukawa wa baridi, mweupe na wenye maumivu makali ghafla: ni saa chache tu, tafuta boda boda au gari sasa hivi. Homa pamoja na mguu kuvimba na joto linalopanda. Usitegemee wekundu, kwenye ngozi yetu nyeusi hauonekani kirahisi, unauhisi kwa mgongo wa mkono, na ngozi inang'aa na kukaza. Mfupa kuonekana. Kidole kuwa cheusi. Mshipa uliovimba ukipasuka na damu kuruka, mlaze chini, inua mguu juu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, ndipo mwende hospitali.

Wengi hawaendi kwa sababu wamesikia kwamba hospitali hukata miguu. Waambie ukweli: miguu mingi inayokatwa ni ile iliyofika imechelewa.

Kidonda kikifunga, usitupe bendeji. Zile vali hazikurudi, na mguu ukiachwa wazi kidonda hurudi palepale. Soksi za kubana, au bendeji kila asubuhi, ni za maisha yote, na huvaliwa baada ya mapigo kuhakikiwa tena. Soksi za mivumba (mitumba) sokoni nyingi zimeshalegea. Zivute kwa mikono miwili kabla ya kulipa, na zikikaa zilivyovutwa, ziache hapo mezani.