Okidi za Kitulo: kwa nini kuhamishia shambani hakufai

Umeuliza kama ukichimba viazi vya okidi katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, na kuvipanda shambani utaipunguzia hifadhi mzigo wa wachimbaji wa chikanda, yaani chakula cha Zambia kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Hapana. Ndani ya hifadhi, iliyotangazwa 2005, kuchimba ni kosa. Na hata ukichimba nje ya mpaka wa hifadhi, mara nyingi mmea utakufa.

Ukifukua okidi ya ardhini kama Disa au Satyrium wakati wa maua, utakuta viazi viwili. Kimoja kimenyauka, ndicho kinacholisha maua ya sasa. Kingine ni kigumu na kimejaa, nacho ni cha kuchipua mwakani. Mchimbaji hutaka hicho kigumu, kwa hiyo akikitoa mmea haurudi tena. Tatizo haliishii hapo: akichimba kabla mbegu hazijakomaa, hakuna kinachobaki. Mbegu ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula. Haioti bila kuvu maalumu wa udongoni, na udongo uliolimwa viazi mviringo na kutiwa mbolea ya chumvichumvi kwa kawaida haumfai kuvu huyo.

Makazi ya okidi hizi ni nyasi fupi za nyanda za juu, karibu mita 2,600, mvua Novemba hadi Aprili, baridi kali baadaye. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwa hiyo kuvusha viazi kwenda Zambia bila kibali ni magendo.

Ukitaka kusaidia kweli, linda kipande cha nyasi ambacho hakijalimwa. Usichome nyasi hizo moto machipukizi ya okidi yakishatokeza. Ukipiga picha, usitaje mahali hasa.