Mashine ya Vyombo Ikivuja, Jua Kwanza Inavuja Wakati Gani

Mtu akikuta dimbwi jikoni, lawama ya kwanza huangukia mpira wa mlango. Ni rahisi kuuona, na muuza vipuri atakuuzia mwingine bila kukuuliza swali. Mimi hutunza nyumba za wageni hapa Malindi, upande wa Casuarina na Silversand, ambako jikoni nyingi zina mashine ya kuoshea vyombo, nyingine zimesafirishwa kutoka Italia pamoja na makochi ya wenyewe. Katika zile nilizozifungua, mpira wa mlango umesingiziwa mara nyingi kuliko ulivyokosa. Maji yakitoka kwenye mashine hayaanguki wima. Hutambaa juu ya bamba la chini, yakafuata mteremko wa sakafu, yakajitokeza penye mguu wa mbele ilhali tundu liko nyuma kabisa. Ndiyo maana sianzi kwa kuuliza maji yako wapi. Nauliza yametoka wakati gani.

Mpishi mmoja alinipigia simu: "Mjomba, mashine yakojoa tena." Nikamuuliza, kabla ya kuiwasha au baada? Akasema haijawashwa tangu jana usiku. Kwa jibu hilo tu pampu, mlango na mikono ya kurushia maji vyote vilitoka kwenye orodha. Mashine iliyozimwa haina maji ya kumwaga zaidi ya yale machache yanayobaki shimoni chini ya chujio, kwa hiyo kilichokuwa kikivuja ni njia ya kuingizia maji, ambayo hukaa na nguvu ya tangi usiku na mchana.

Ili uweze kuuliza swali hilo vizuri, jua mashine inafanya nini. Huvuta maji kidogo, aghalabu lita 3 au 4 kwa mkupuo mmoja, ambayo hayafiki hata kwenye ukingo wa mlango. Kisha pampu huyachota na kuyarusha juu kupitia mikono inayozunguka, huku yakipashwa moto. Mwisho pampu ya pili huyasukuma nje, halafu mzunguko unarudiwa kwa kusuuza. Keti kwenye kigoda, shika tochi, vua lile bamba la chini mbele ya mashine, na usikilize. Kila hatua ina sauti yake: kuvuta ni mvumo mwembamba, kuosha ni chwaa chwaa ya maji ukutani, kutoa ni mngurumo mkavu.

Kabla ya kupeleka mkono popote, chomoa plagi na ufunge koki ya maji. Kuzima kitufe hakutoshi. Umeme wetu ni wa volti 240, na mashine hizi hula wati 2,000 hivi zinapopasha maji. Za Italia zinafanya kazi kwa umeme wetu bila shida, tatizo ni plagi yao kutoingia kwenye soketi zetu za miguu mitatu ya bapa, basi watu huunganisha kwa adapta ya bei rahisi na kuiacha sakafuni nyuma ya mashine. Adapta sakafuni na mashine inayovuja ni jambo la kuogopa. Mwite fundi wa umeme abadilishe plagi yenyewe kabla hujagusa kingine. Na vaa glavu, kwa sababu kingo za mabati ya chini hukata.

Sasa ule ujanja ninaoupenda kuliko yote, na hauhitaji chombo chochote cha fundi. Chukua rangi ya chakula, ileile ya biriani, koroga kidogo sana kwenye kikombe cha maji, mimina ndani ya mashine, kisha tandaza kurasa za gazeti chini yake na uiwashe ikiwa tupu. Tone lenye rangi limetoka ndani: mlango, shimo la chini, pampu au bomba la kutolea. Tone jeupe, yaani lisilo na rangi, limetoka kwenye njia ya kuingizia. Gazeti nalo litakuonyesha tone lilipodondokea, kabla halijatambaa. Fanya hivyo mwanzoni mwa kuosha, maana mashine ikishatoa maji rangi nayo imekwenda.

Tone likiwa jeupe, anza nyuma. Mpira wa kuingizia maji hufungwa kwa kofia ya uzi ya robo tatu inchi, na ndani ya kofia mna washa ya mpira. Hiyo washa ndiyo inayozuia maji. Mafundi wa bomba hupenda kuzungusha tepu nyeupe kwenye uzi, lakini hapa tepu haisaidii kitu ikiwa washa imekauka au imekaa upande. Badilisha washa, kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko kwa koleo. Ukikaza kwa hasira utapasua kofia ya plastiki. Uvujaji wa hapa kwenye kiungo umeongezeka tangu watu waanze kufunga pampu za kuongeza nguvu ya maji. Tangi lililo mita 3 juu ya mashine hutoa nguvu ndogo sana, kama baa 0.3, na viungo vilivyochoka huweza kuivumilia. Weka pampu, viungo vilevile vinaanza kutoa machozi.

Tone likiwa na rangi na limetoka mbele, ndipo tutaje mlango, lakini bado usinunue mpira. Weka pimamaji juu ya mashine. Jikoni nyingi hapa sakafu imeinamishwa kuelekea mlango wa nje ili maji ya kudekia yaondoke, na mashine ikiinama mbele, maji nayo huja mbele. Zungusha miguu mpaka inyooke. Halafu fungua mlango katikati ya kuosha. Ukikuta povu, umempata mwizi. Mtu ameweka sabuni ya maji ya sinki au ya kufulia, na povu hupita mahali ambapo maji hayapiti. Nyunyiza chumvi juu ya povu, endesha hatua ya kutoa maji, rudia kwa maji baridi mpaka likome. Wasaidizi wapya wa nyumba hufanya hivi kila msimu, na siwalaumu, hakuna aliyewaambia.

Kama hakuna povu, toa mkono wa chini wa kurushia maji uutikise sikioni. Huwa ni vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa ubavuni, na ule mshono ukiachana, maji hupiga mlango moja kwa moja badala ya kupanda juu. Mkono wa namna hiyo hutupwa, gundi haikai kwenye joto. Angalia pia kama sinia au sufuria kubwa imepangwa mahali inapoyarudisha maji mlangoni. Baada ya hayo yote, futa mpira wa mlango kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, hasa ule ukingo wa chini ambao watu husahau, uone kama umechanika au umekuwa mgumu. Hapo ukinunua mpya, pesa yako haikupotea.

Tone likitoka katikati, chini ya tumbo la mashine, tumefika kwenye ugonjwa wa Malindi hasa. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa hii inaudhi lakini pia ni shahidi. Kila maji yanapovuja na kukauka huacha mstari mweupe. Ukiinamisha mashine au ukitoa bamba la ubavuni, fuata mstari huo kwenda juu mpaka unapoanzia, na hapo ndipo penye tundu. Ukianzia pale ambapo mota inaungana na pampu, sili ya pampu, yaani kizuizi kinachofanya maji yasipenye hapo, imekwisha, na mara nyingi ni chokaa iliyoisaga. Ukianzia kwenye kiungo cha mpira, tazama klipu. Hewa ya bahari hula klipu za chuma cha kawaida hata zikiwa ndani ya mashine, nazo hulegea kabla hazijakatika. Weka za chuma kisichoshika kutu.

Watu huniuliza kuhusu ile chumvi inayowekwa kwenye tundu la ndani. Kazi yake ni kusafisha kichujio kinachonasa chokaa. Haiondoi chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima, maji yakiingia na chumvi yataosha vyombo na chumvi. Na usimimine chumvi ghafi ya mashamba ya Gongoni kwa kuwa iko karibu na ni rahisi. Ina uchafu na madini mengine yanayoziba kichujio. Nunua chumvi safi ya mashine, na ukiimwaga ndani, endesha programu papo hapo, kwani chumvi ikilala juu ya chuma, hata kile kisichoshika kutu, hukitoboa vitundu vidogo ambavyo hutavipata kwa urahisi.

Mashine nyingi zina sinia chini na kielea kidogo. Maji yakijaa sinia, kielea hupanda na mashine hukataa kazi. Za Bosch na Siemens nyingi huandika E15. Mtu hukwambia iinamishe nyuma, maji yamwagike, itafanya kazi. Kweli itafanya, mpaka sinia lijae tena. Likaushe, ndiyo, lakini litumie: endesha hatua moja moja ukiwa na tochi uone linapoanza kulowa.

Likilowa wakati wa kutoa maji peke yake, ni bomba la kutolea, au sinki limeziba na maji yanarudi.

Liko jingine la nyumba zetu zinazofungwa Aprili hadi Juni mvua za masika zinapofukuza wageni. Mashine ikikaa kavu miezi hiyo, sili hugandamana na kukakamaa, na panya huona mpira wa kutolea maji ni kitu cha kutafuna. Mimi huiendesha tupu kwa programu fupi kila mwezi, naacha mlango wazi kidogo, na koki nafunga. Kabla ya msimu naiosha kwa ndimu ya unga bila sabuni wala vyombo.

Ukimaliza kutengeneza, usiirudishe kabatini siku hiyohiyo. Iendeshe kwa programu ya moto kabisa, maana kiungo kinachoshika maji baridi huweza kuachia mpira ukilainika. Badilisha gazeti, ioshe vyombo vya kawaida siku chache ikiwa nje ya kabati. Gazeti likibaki kavu, isukume ndani taratibu huku mtu mwingine akivuta mpira wa nyuma usikunjike.